Jina, Mkono na Dhamana: Nani Aliyebadilisha Rekodi?

Kila rekodi inayotunzwa na ofisi ina mambo mawili: hali yake ya sasa, na njia iliyoifikisha hapo. Hali ya sasa husomwa kila siku. Ni jina la mwenye shamba, kilo za maziwa zilizopokelewa kutoka kwa mfugaji, saa za kazi za mchuma maua, alama za mwanafunzi. Njia yake, yaani nani aliandika kwanza, nani alibadilisha, lini na kwa sababu gani, haitazamwi mpaka ugomvi uzuke. Katika Kaunti ya Nakuru na maeneo ya katikati ya Bonde la Ufa rekodi za namna hii ni nyingi, kuanzia mashamba ya maua ya Naivasha na vyama vya wafugaji vya Molo na Olenguruone, hadi Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, ofisi za kaunti na sajili ya ardhi. Siku hizi sehemu kubwa ya rekodi hizo iko ndani ya hifadhidata, na wanaozigusa ni watumishi wengi kwa wakati mmoja.

Swali la nani aliyebadilisha rekodi huonekana kuwa la mafundi wa kompyuta, lakini ndani yake mna maswali mawili. La kwanza ni la tukio: ni akaunti ipi iliyotumika? La pili ni la dhamana: ni nani anayepaswa kujibu? Mashine inaweza kujibu la kwanza. La pili ni la maadili, na dini pamoja na falsafa zililishughulikia karne nyingi kabla ya kuwapo kompyuta. Kuyachanganya maswali haya huzaa dhuluma za namna mbili. Asiye na hatia huadhibiwa kwa kuwa jina lake limeonekana, au mwenye hatia hujificha nyuma ya jina la mwenzake.

Mafunzo ya sajili ya ardhi

Kabla ya kompyuta, Kenya ilikuwa na chombo cha karatasi kilichojibu swali la kwanza kwa ustadi, nacho ni kadi ya kijani ya sajili ya ardhi. Kipande cha shamba kilichosajiliwa chini ya iliyokuwa Sura ya 300 ya sheria za Kenya kilikuwa na kadi yenye sehemu tatu: maelezo ya ardhi yenyewe, wamiliki wake, na mizigo iliyo juu yake kama vile rehani. Kila ingizo lilikuwa na nambari, tarehe na saini ya msajili. Umiliki ulipohama, jina jipya liliandikwa chini ya lile la zamani, na lile la zamani likaendelea kusomeka. Aliyeitazama kadi alimwona mmiliki wa leo pamoja na wote waliomtangulia.

Bonde la Ufa lilizihitaji kadi hizo kuliko sehemu nyingi za nchi. Mashamba ya walowezi yaligawanywa kupitia mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulioanza 1962. Katika miaka ya 1970 zikaja kampuni za ununuzi wa ardhi, kama Ngwataniro-Mutukanio ya Nakuru, zilizochanga pesa za wanahisa, zikanunua mashamba makubwa na kuyakata vipande. Katika kampuni za namna hiyo, daftari la wanahisa lilikuwa na uzito sawa na ardhi yenyewe. Aliyekuwamo alitarajia kipande, na asiyekuwamo alibaki na risiti yake mkononi. Ndiyo maana mizozo mingi ya ardhi katika eneo hili, hata ile inayofika mahakamani baada ya wanunuzi wa kwanza kufariki, huanzia kwenye orodha: ni orodha ipi ya kweli, na ni nani aliyeongeza au kuondoa jina.

Ripoti ya 2004 ya Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilionyesha upande mwingine wa tatizo hilo. Hati nyingi zilizotolewa juu ya misitu, viwanja vya shule na ardhi nyingine ya umma zilikuwa na muhuri na saini kama hati yoyote halali. Kasoro ilikuwa katika njia zilizopitia. Mahakama ya Juu ya Kenya ililiweka jambo hili wazi tarehe 21 Aprili 2023 katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Iliamua kwamba hatimiliki iliyotokana na ugawaji usiofuata sheria hailindwi na Katiba, hata kama aliyenayo leo aliinunua kwa pesa zake kutoka kwa mtu mwingine. Mwenye hati sharti aonyeshe mzizi wake.

Uamuzi huo ni wa sheria ya ardhi, ila una msingi wa kifalsafa unaogusa rekodi zote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kesi ya Dina inaongeza kwamba daftari linaloonyesha mwisho tu, bila historia, halitoshi kuthibitisha mali. Ukweli wa rekodi hauko katika maneno yanayosomeka leo peke yake. Uko pia katika mfuatano wa watu waliokuwa na mamlaka ya kuyaandika.

Mashine inavyokumbuka

Mfumo wa kompyuta huhifadhi historia kwa viwango mbalimbali. Njia nyepesi ni kuongeza safu chache katika jedwali: aliyeunda rekodi, tarehe ya kuundwa, aliyeibadilisha mwisho, tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Njia hii ni ya kawaida na ina upungufu mkubwa, kwa sababu kila badiliko jipya hufunika lililotangulia. Karani akipunguza kilo za maziwa za mfugaji asubuhi, na mwenzake akasahihisha nambari ya simu ya mfugaji huyohuyo jioni, jina litakalobaki ni la huyo wa jioni. Rekodi itamtaja mtu wa kweli na tendo la kweli, huku tendo linalotafutwa limepotea.

Njia kamili zaidi ni kuwa na jedwali la pili lisilofutwa, ambamo kila badiliko huongezwa kama mstari mpya wenye thamani ya zamani, thamani mpya, saa na jina la mtumiaji. Hifadhidata nyingi huweza kufanya kazi hii zenyewe kila rekodi inapoguswa. Hapo hujitokeza tatizo ambalo wengi nje ya ufundi hawalijui. Programu za kampuni kwa kawaida haziingii katika hifadhidata kwa majina ya watumishi. Huingia kwa akaunti moja ya programu yenyewe. Ni kama ofisi inayomtuma tarishi mmoja kupeleka barua za watu wote: mpokeaji anamjua tarishi, aliyeandika barua hamjui. Hifadhidata itaandika kwa uaminifu kwamba kila badiliko limefanywa na programu. Ili jina la mtumishi lifike, programu lazima ilipitishe pamoja na kila ombi, na hifadhidata iandae mahali pa kulipokea.

Hata hapo hubaki mlango wa nyuma. Msimamizi wa hifadhidata anaweza kuingia moja kwa moja bila kupitia programu, akabadilisha rekodi na hata historia yake. Ndiyo maana historia hupelekwa kwenye mashine nyingine ambayo msimamizi huyo haitawali, au kila mstari hufungwa kihesabu na uliotangulia ili ukiguswa mmoja, mnyororo wote uonyeshe kasoro. Mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa tarehe 27 Aprili 2021 kwa kuanzia na Nairobi, uliletwa ili kuhamisha shughuli za sajili kutoka kwenye majalada ya karatasi hadi kwenye kompyuta. Mafanikio ya mfumo wowote wa aina hiyo katika kukomesha ughushi hutegemea zaidi namna historia hii inavyolindwa kuliko uzuri wa kurasa zake.

Jina si mtu

Historia ikihifadhiwa vizuri kabisa, kinachosomeka ndani yake ni jina la akaunti. Kutoka kwenye jina hadi kwa mtu kuna hatua ambayo mashine haiivuki. Kenya ililiona hili katika sakata ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, iliyofichuka 2015 na ambamo shilingi milioni 791 zilipotea. Sehemu ya mabishano ilihusu nywila za IFMIS, mfumo wa fedha unaotumiwa na serikali kuu na serikali za kaunti. Malipo yalionekana kupitia akaunti za maafisa, na wakazuka wa kudai kwamba nywila zilitumiwa na watu wengine. Mfumo ulikuwa na jina. Kilichobishaniwa ni mkono.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza 1694 kwenye kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu, alishikilia kwamba mtu, kwa maana inayohusu hukumu, ni yule mwenye ufahamu unaoyaunganisha matendo yake ya jana na yeye wa leo. Kwa kipimo hicho akaunti si mtu. Haina ufahamu, haikumbuki, haiwezi kujuta wala kujitetea. Ni alama inayomwakilisha mtu, na uwakilishi huo ni wa kweli mradi mtu huyo ameilinda.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maadili yake, alitenga matendo ya hiari na yale yanayofanywa kwa kulazimishwa au kwa kutojua, akaongeza kwamba kutojua kuliko kwa uzembe hakumwokoi mtendaji. Migawanyo hiyo inaingia moja kwa moja katika ofisi za leo. Karani aliyeamriwa na mkubwa wake kuingiza takwimu anaonekana katika historia peke yake, ilhali aliyeamuru haonekani popote. Aliyemwachia mwenzake nywila alipokwenda likizo hakufanya badiliko lililofanywa baadaye, na bado ana sehemu ya lawama, kwa kuwa alijua au alipaswa kujua kwamba amekabidhi jina lake. Aliyebadilisha rekodi kwa kudanganywa na hati bandia alitenda kwa kutojua, na swali kwake ni kama aliikagua hati inavyopasa. Mistari mitatu ya historia inaweza kufanana neno kwa neno huku nyuma yake kukiwa na hatia za uzito tofauti.

Kuna ofisi ambazo hutumia akaunti moja kwa idara nzima, na desturi hiyo wakati mwingine hutetewa kwa hoja ya ujumuiya: kazi ni ya wote, basi na jina liwe la wote. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba katika mtazamo wa jamii nyingi za bara hili mtu huwa mtu kwa sababu ya wengine. Hata hivyo, mila zenyewe za Bonde la Ufa haziungi mkono jina la pamoja. Miongoni mwa Wamaasai na Wakalenjin, fidia ya damu ililipwa na ukoo, si na muuaji peke yake. Lakini ukoo ulilipa ukimjua aliyetenda na ukiwa na uwezo wa kumrudi. Dhamana ya pamoja ilijengwa juu ya ujuzi wa mtendaji. Akaunti ya idara hufanya kinyume: inaondoa ujuzi huo, na matokeo yake ni kwamba hakuna anayejibu au wote wanashukiwa.

Waandishi wa mbinguni na waandishi wa ofisini

Waumini wa Nakuru, Waislamu na Wakristo, wamekulia katika mafundisho yanayosema kwamba matendo huandikwa. Qurani, katika sura ya Al-Infitar, inawataja waandishi watukufu wanaojua wanayoyatenda wanadamu, na katika sura ya Qaf inaeleza kwamba hakuna neno linalotamkwa bila mwangalizi aliye tayari kulinakili. Kitabu cha Ufunuo, sura ya 20, kinaeleza vitabu kufunguliwa na wafu kuhukumiwa kwa yaliyoandikwa humo. Ni rahisi kuona historia ya hifadhidata kama mfano mdogo wa maandishi hayo. Tofauti zake ndizo zenye mafunzo zaidi.

Tofauti ya kwanza ni nia. Katika Uislamu, hadithi inayofungua mkusanyiko wa Bukhari inayapima matendo kwa nia, na katika Biblia Mungu hutazama moyo. Mashine huandika kilichobadilika, haiandiki kwa nini. Ndiyo sababu mifumo mizuri humdai mtumiaji aeleze sababu ya badiliko na kuambatisha hati inayoliunga mkono. Sababu hiyo inaweza kuwa uongo. Hata hivyo uongo ulioandikwa na kutiwa jina ni ushahidi unaoweza kupimwa, ilhali ukimya hauna cha kupimwa.

Tofauti ya pili ni shahidi. Sura ya Yasin inaeleza siku ambayo vinywa vitafungwa, mikono iseme na miguu ishuhudie. Shahidi huyo ni kiungo cha mtendaji mwenyewe, hawezi kuazimwa wala kuibwa. Nywila inaweza kuazimwa na kuibwa, na alama ya kidole, ingawa iko karibu zaidi na mwili, haionyeshi kama mwenye kidole alilazimishwa. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na ufundi peke yake. Huzibwa na amana: ahadi ya mtumishi kwamba hatamkabidhi mwingine jina lake, na ahadi ya mwajiri kwamba hatamwamuru afanye hivyo. Ahadi ya upande mmoja haitoshi. Mwajiri asiyenunua akaunti za kutosha, kisha akamwadhibu karani kwa kutumia akaunti ya mwenzake, amevunja amana kabla ya karani.

Tofauti ya tatu ni usalama wa mwandishi. Aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qurani, inaamuru deni liandikwe, dogo au kubwa, na mwandishi mwadilifu, huku mdaiwa akisema yatakayoandikwa na mashahidi wakiwapo. Pia inakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Sharti hilo lina uzito katika Kenya. Chris Msando, meneja wa teknolojia wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017. Kumbukumbu haiwezi kuaminika pale ambapo anayeitunza hana ulinzi.

Mtunzaji naye aonekane

Uchaguzi huohuo ulitoa kanuni nyingine. Tarehe 28 Agosti 2017, Mahakama ya Juu iliiamuru tume iwape wahusika wa kesi nafasi ya kusoma, bila kubadilisha, kumbukumbu za seva zinazoonyesha walioingia katika mfumo wa matokeo. Amri hiyo haikutimizwa kikamilifu. Katika uamuzi wa kubatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, kutotimizwa huko kulihesabiwa dhidi ya tume. Kanuni yake ni hii: aliye na kumbukumbu na akakataa kuionyesha huchukuliwa kuwa ingemshuhudia vibaya. Mzigo uko kwa mtunzaji, kwa kuwa anayelalamika hana ufunguo.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, ikiwa na sura kuhusu ardhi, jambo lililo kiini cha mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990 na ghasia za mwanzoni mwa 2008 katika Nakuru na Naivasha. Makamishna 3 wa kigeni walipinga sura hiyo wakisema ilibadilishwa isivyo halali. Historia ya Biblia ina kisa kinachofanana na hicho. Katika Yeremia 36, mfalme Yehoyakimu alilikata gombo lililoandikwa na Baruku na kulitia motoni, nalo likaandikwa upya pamoja na maneno mengine zaidi. Visa vyote viwili vinaonyesha jambo moja. Rekodi ikibadilishwa na mwenye nguvu, kinachoweza kuiokoa ni kuwapo kwa nakala au shahidi nje ya mamlaka yake.

Uangalizi huu nao una mipaka. Jeremy Bentham, katika maandishi yake ya 1791, alipendekeza gereza ambamo mfungwa hajui ni wakati gani anatazamwa, hivyo hujiona anatazamwa daima. Historia ya mabadiliko haipaswi kugeuzwa gereza hilo. Kinachostahili kurekodiwa ni lililoifika rekodi, si kila alichofanya mtumishi dakika kwa dakika. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitambua data ya mtu binafsi kuwa jambo linalotumiwa kwa kusudi maalumu na kwa kiasi kinachohitajika. Historia yenye jina la mtumishi ni data yake pia, na ana haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake.

Kusahihisha, kufuta na kusamehe

Swali la mwisho ni kama kumbukumbu isiyofutika inapingana na msamaha. Yeremia 31 inamwonyesha Mungu akiahidi kutokumbuka tena dhambi za watu wake, na sura ya Al-Furqan inasema kwamba maovu ya anayetubu hubadilishwa kuwa mema. Katika Kanisa Katoliki, linaloungamwa kwa padri halirekodiwi wala halifichuliwi. Ikiwa mbingu zinafuta, kwa nini hifadhidata isifute?

Jibu liko katika nani aliyedhulumiwa. Wanazuoni wa Kiislamu hutenga haki za Mungu na haki za waja. Toba ya dhambi iliyomgusa mtu mwingine haikamiliki mpaka haki yake irudishwe au yeye mwenyewe asamehe. Rekodi za ofisi karibu zote ni za aina ya pili. Mfugaji aliyepunguziwa kilo, familia iliyoondolewa katika daftari la shamba, mwanafunzi aliyepunjwa alama, hao ndio wenye uwezo wa kusamehe, na hawawezi kusamehe wasilolijua. Kwa hiyo ofisi inayofuta historia ili kumsitiri mtumishi wake haijasamehe. Imetwaa haki isiyo yake. Inaweza kumsamehe adhabu, ikamrudisha kazini, ikanyamaza mbele ya watu wasiohusika, na bado mstari ukabaki kwa ajili ya anayehusika.

Sheria ya 2019 inampa mtu haki ya kudai data yake potofu isahihishwe, au ifutwe pale ambapo haihitajiki tena. Katika mfumo ulioundwa vizuri, usahihishaji hufanyika kwa kuongeza mstari unaosema lililoandikwa awali lilikuwa kosa, nani amelisahihisha na kwa ushahidi gani. Ufutaji una nafasi yake baada ya muda ambao haki ya mtu yeyote inaweza kudaiwa, na uamuzi wenyewe wa kufuta huandikwa pamoja na jina la aliyeutoa.

Kutokana na haya, wajibu wa kila upande unaweza kuelezwa. Fundi anawajibika kuhakikisha kwamba jina la mtumiaji linafika hadi kwenye hifadhidata, thamani ya zamani inabaki, na historia iko nje ya uwezo wa wanaorekodiwa humo. Mwajiri anawajibika kumpa kila mtu akaunti yake, kuandika amri zake mwenyewe badala ya kuzipitisha katika majina ya walio chini yake, na kumlinda mtunzaji wa kumbukumbu. Mtumishi anawajibika kutoliazima jina lake na kueleza sababu ya badiliko kwa ukweli. Hakimu au mkaguzi naye anawajibika kuichukulia historia kama mwanzo wa uchunguzi: impeleke kwenye akaunti, kisha atafute kwa mashahidi na mazingira mtu aliyekuwa nyuma yake, alichokijua na aliyemwamuru.